Mafuta na nta kwenye dawa: namna ya kuyajua, kuyachagua na kuyafanyia kazi bila kuharibu

Mara ya kwanza natengeneza sapozitori, zile dawa za kuingiza njia ya haja kubwa, nilikuwa mwanafunzi na nilikuwa na haraka zangu. Nikachukua siagi ya kakao nikaibandika motoni moja kwa moja, ikayeyuka ikawa maji kabisa, inang'aa, nikajisifu kimoyomoyo nikamimina kwenye kalibu. Nikasubiri weee. Haigandi. Nikatupia kwenye friji ikaganda, nikatoa, kuishika mkononi dakika mbili imekuwa uji. Mwalimu alipopita akauliza swali moja tu, "uliipasha mpaka nyuzi ngapi?" na mimi hata themometa sikuwa nimeigusa.

Siagi ya kakao nitairudia huko chini maana ina visa vyake. Ila kosa langu lilianzia mbali, nilikuwa naona mafuta ni mafuta tu, ya njano, meupe, ya maji, yameganda, yote sawa. Sio sawa hata kidogo. Na kitu kingine watu wengi hawakijui, kwenye dawa nyingi mafuta yenyewe hayatibu, yamewekwa yaibebe dawa, yaicheleweshe, yailinde ngozi au yafanye kidonge kisigande kwenye mashine. Kwahiyo kila ukishika chupa jiulize vitu viwili, hii ni familia gani na imewekwa humu ifanye kazi gani. Twende hatua kwa hatua.

HATUA YA 1: Jua familia kwanza

Mafuta ya kawaida, ya maji au yaliyoganda, kikemia ni kitu kimoja. Ni gliseroli (ndiyo gliserini) imeshikana na asidi za mafuta tatu. Yakiwa maji kwenye joto la kawaida la chumba tunayaita mafuta, yakiwa yameganda tunayaita shahamu au siagi. Tofauti inatokana na zile asidi: zikiwa zimenyooka (zimeshiba haidrojeni) zinapangana vizuri kama mbao, zinaganda. Zikiwa na mikunjo hazipangiki, yanabaki maji. Ndio maana mafuta ya zeituni yanamiminika na mafuta ya ng'ombe yanakatika kwa kisu.

Nta ni kitu kingine. Humo gliseroli haipo, badala yake kuna alkoholi ndefu imeungana na asidi ndefu ya mafuta. Matokeo yake nta ni ngumu zaidi, haichachi kirahisi na maji haiyataki kabisa.

Halafu kuna wageni wawili ambao watu huwachanganya humu kila siku. Wa kwanza ni parafini na petroli jeli, zile zinazotoka kwenye mafuta ya petroli. Hizo sio shahamu wala nta ya kweli, ni haidrokaboni tupu (haidrojeni na kaboni basi), ukizichemsha na magadi makali mwaka mzima hupati sabuni. Robert Chesebrough ndiye aliyechukua hati ya ugunduzi wa Vaseline Marekani mwaka 1872, wazo alilipata kwenye visima vya mafuta ambako wafanyakazi walikuwa wanapaka ule utando wa kwenye mitambo kwenye vidonda na michubuko yao. Mgeni wa pili ni mafuta ya kunukia kama ya karafuu, mnanaa na mkaratusi. Yanaitwa mafuta ila yanaruka hewani na hayana undugu na haya mengine.

Unataka kujua kama umeshika la kunukia au la kawaida? Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe, acha kwa muda. La kunukia litapotea, la kawaida litaacha doa linalopitisha mwanga na haliondoki. Hii kitu ni ya zamani na bado inafanya kazi, pia inamuumbua anayeuza mafuta ya karafuu yaliyoongezewa ya kupikia.

HATUA YA 2: Jua yametoka wapi na yametolewaje

Chanzo kinakuambia mengi. Mbegu na matunda ndio ghala kubwa: nyonyo (wengine wanaita mbarika), ufuta, karanga, soya, pamba, lozi, zeituni, nazi, kakao, kitani. Wanyama wanatupa mafuta ya nguruwe, ya ng'ombe, na mafuta ya ini la samaki anayeitwa kodi, sio kodi ya serikali. Nta ya nyuki inatoka kwenye masega, ikiwa ya njano ni ya asili, ikiwa nyeupe imepaushwa. Nta ya kanauba inatoka kwenye majani ya mchikichi fulani wa Brazili na ni ngumu kuliko zote utakazokutana nazo, inayeyuka kwenye nyuzi 82 mpaka 86 za Selsiasi wakati ya nyuki inayeyuka kwenye 62 mpaka 65. Jojoba wanaiuza kama mafuta, ila ukweli ni nta iliyo maji. Na lanolini inayotoka kwenye sufu ya kondoo wanaiita mafuta ya sufu, nayo kikemia ni nta. Majina ya kwenye chupa usiyaamini sana.

Zamani kulikuwa na nta ya kichwani kwa nyangumi, inaitwa spamaseti, ilikuwa kwenye krimu nyingi tu. Uvuvi wa nyangumi wa kibiashara ulisimamishwa kimataifa kuanzia 1986, siku hizi inatumika ya kutengenezwa kiwandani au jojoba. Ukikuta fomula ya zamani imeiandika usihangaike kuitafuta, badilisha.

Kuhusu kutoa: kukamua kwa baridi kunatunza ubora, na ndio unaotakiwa kwa mafuta mengi ya dawa. Kuosha mbegu na heksani (kimiminika cha petroli kinachoyeyusha mafuta) kunatoa mafuta mengi zaidi ila lazima ile heksani iondolewe yote na mafuta yasafishwe. Shahamu ya wanyama inatolewa kwa kuyeyusha taratibu na kuchuja. Nyonyo naomba usikie vizuri: mbegu yake ina sumu kali inaitwa risini. Sumu hiyo haiyeyuki kwenye mafuta, inabaki kwenye mashudu, na mafuta ya dawa yanapashwa kuua mabaki. Kwahiyo mafuta ya dukani ya daraja la dawa yako salama upande huo lakini kutafuna mbegu au kujikamulia nyumbani unywe, hapana, na mashudu yake usimpe mfugo kama mashudu mengine.

HATUA YA 3: Soma namba kabla hujakubali mzigo

Kila mafuta ya daraja la dawa yanakuja na cheti chenye namba. Wengi wanaziruka. Ukizielewa nne tu unatosha.

Namba ya iodini inakuambia mafuta yana mikunjo mingi kiasi gani, yaani gramu ngapi za iodini zinamezwa na gramu 100 za mafuta. Chini ya 100 hivi hayakauki, mfano zeituni na nyonyo. Kati ya 100 na 130 hivi yanakauka nusu, mfano ufuta na pamba. Kitani kinapita 160 na ndicho kinachokauka na kuacha utando kama rangi, ndio maana kilitumika sana kwenye rangi na vanishi. Namba ikiwa kubwa jua pia mafuta yatachacha haraka, hilo ndilo la kukumbuka zaidi.

Namba ya sabuni ni miligramu ngapi za potashi kali (potasiamu haidroksaidi) zinatumika kugeuza gramu 1 ya mafuta kuwa sabuni. Mafuta mengi yanacheza karibu na 190, nazi inapanda mpaka 250 na kitu kwa sababu asidi zake ni fupi. Ukiletewa "zeituni" ina 220, kuna mtu kacheza humo. Namba ya asidi inaonyesha asidi zilizovunjika zikabaki huru, ikipanda ujue mafuta yamezeeka au yamelowa maji. Namba ya peroksaidi inaonyesha kuchacha kulikoanza hata kabla pua yako haijasikia.

Kuna kipimo kingine napenda sana maana unakiona kwa macho: tikisa mafuta na asidi ya haidrokloriki kali yenye sukari kidogo ndani, ikigeuka waridi au nyekundu humo kuna ufuta. Kinaitwa kipimo cha Baudouin. Fanyia maabara, miwani na glavu, sio jikoni.

HATUA YA 4: Chagua kwa kazi, sio kwa jina

Hapa ndipo penye utamu.

Kama unataka mafuta yatibu yenyewe, orodha ni fupi. Nyonyo inaharisha, kwa sababu tumboni inavunjwa inatoa asidi ya risinoleiki ambayo inauchokoza utumbo. Karibu asilimia 90 ya asidi zake ni hiyo. Inafanya kazi kweli kweli, kiasi kwamba haifai kutumika ovyo, na mjamzito asiguse maana inaweza kuamsha uchungu. Mafuta ya ini la kodi yana vitamini A na D, yaliokoa watoto wengi na matege, ila vitamini A ikizidi ni sumu, mjamzito tena awe mbali nayo. Mafuta ya samaki yenye omega-3 yanashusha mafuta ya damu aina ya traigliseridi kwa dozi kubwa inayosimamiwa na daktari. Na kuna mafuta ya chaulmugra ambayo yalikuwa tegemeo la ukoma kabla dawa za kisasa hazijaja. Shida ilikuwa ni mazito, ukidunga yanakaa mafundo chini ya ngozi, ukinywa unatapika. Mkemia kijana wa Hawaii, Alice Ball, mwaka 1915 akayageuza kuwa esta nyepesi (asidi za mafuta zilizoungwa na alkoholi) ambazo mwili unazipokea. Alifariki 1916 akiwa na miaka 24 na kwa muda mrefu sifa zikaenda kwa wengine. Inauma kwa kweli.

Kama unataka mafuta yabebe dawa, hapo ndio kazi kubwa ilipo. Sindano nyingi za kukaa muda mrefu zimeyeyushwa kwenye mafuta: haloperidoli dekanoeti (ya magonjwa ya akili) iko kwenye ufuta, testosteroni andekanoeti (homoni ya kiume) ya sindano iko kwenye nyonyo. Mafuta yanabaki kwenye msuli na kuachia dawa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Sheria yake ni moja na haina mjadala, sindano ya mafuta haiingii kwenye mshipa wa damu, yakiingia yanakwenda kuziba mapafu. Na uliza aleji! Dawa zingine ziko kwenye mafuta ya karanga, za ngozi na masikio pia zipo, mtu wa aleji ya karanga au soya lazima ajulikane kabla, sio baada.

Sasa utaniuliza mbona kuna mafuta yanayowekwa mshipani hospitali, yale meupe kama maziwa. Hayo ni emulsheni, mafuta ya soya yamesagwa kuwa vitone vidogo chini ya mikroni moja yakashikiliwa na lesithini ya kiini cha yai. Arvid Wretlind wa Sweden ndiye aliyeyafanikisha mwanzoni mwa miaka ya 1960, na propofoli ya usingizi nayo inaletwa hivyo hivyo. Ukiona emulsheni imejitenga, mafuta yanaelea juu kama mchuzi, tupa, usitikise ukaitumia.

Kwa ngozi chagua kwa ukavu wa mgonjwa. Petroli jeli inafunika, maji ya ngozi hayatoki. Lanolini ina faida nyingine, inaweza kumeza maji karibu mara mbili ya uzito wake, nzuri unapotaka kuingiza dawa ya majimaji kwenye marhamu, ila kuna ngozi zinaikataa. Nta ya nyuki inaongeza ugumu. Zeituni na nazi zinalainisha tu na kwa kulainisha nta ya sikio mafuta ya zeituni yanatosha, mradi ngoma ya sikio haijatoboka.

Kwenye vidonge ni kwa haraka: asidi ya steariki na chumvi yake ya magnesiamu zinazuia unga kugandamana na mashine, kanauba inang'arisha ganda.

HATUA YA 5: Yeyusha kwa akili (marhamu)

Tuchukue marhamu nyeupe rahisi kabisa, asilimia 5 nta nyeupe ya nyuki na asilimia 95 petroli jeli nyeupe. Kwa gramu 50 unapima nta gramu 2.5 na jeli gramu 47.5.

Weka bakuli juu ya sufuria la maji ya moto, usiweke motoni moja kwa moja. Kinachoyeyuka kwa joto kubwa ndicho kinaanza, kwahiyo nta kwanza, ikishakuwa maji unaongeza jeli kidogo kidogo. Ukianza na jeli unaishia kuipasha yote kwa muda mrefu ukisubiri nta, bure tu. Vikishaungana toa kwenye moto na uanze kukoroga taratibu bila kuacha mpaka inagandia. Hapa ndio watu wanaharibu. Ukiacha kukoroga nta inaganda peke yake unapata chengachenga, ukiweka kwenye barafu ili uwahi unapata chengachenga zaidi, ukikoroga kwa nguvu kama unapiga mayai unaingiza hewa. Taratibu. Weka redio.

Dawa ya unga isage laini sana na ichanganye na jeli kidogo mpaka iwe uji mwororo ndio uingize kwenye yote, usimwage unga mkavu juu.

Ukitaka krimu ya baridi ile ya asili, wazo lake linapelekwa kwa Galen, daktari wa Roma karne ya 2, nta ya nyuki na mafuta ya zeituni na maji ya waridi. Baadaye wakaongeza boraksi (chumvi fulani ya madini) ambayo ikikutana na asidi za nta inatengeneza sabuni papo hapo na sabuni hiyo ndiyo inashika maji na mafuta pamoja. Siri ni kwamba upande wa mafuta na upande wa maji vyote viwe na joto sawa, nyuzi 70 hivi, kabla ya kuvikutanisha. Ukimimina maji ya baridi kwenye nta ya moto utapata makombo. Yenye boraksi usiipake kwa mtoto mchanga wala kwenye kidonda.

HATUA YA 6: Siagi ya kakao, kwa adabu

Hii inayeyuka kwenye nyuzi 31 mpaka 36, yaani iko imara mkononi kwa muda mfupi na inalegea ndani ya mwili, ndio maana ilipendwa. Shida yake inaganda kwa maumbo tofauti ya fuwele. Lile imara linayeyuka kwenye 34 hivi. Mengine yasiyo imara yanayeyuka chini sana, hata kwenye 18. Ukiipasha ikawa maji yanayong'aa umeua mbegu zote za fuwele imara, na ikianza kuganda inaganda kwa lile umbo bovu. Ndicho kilichonikuta. Ingerudi yenyewe baada ya siku kadhaa lakini mgonjwa hasubiri siku kadhaa.

Kwahiyo: ikwangue iwe vipande vidogo, theluthi mbili yeyusha juu ya maji ya vuguvugu, ikianza kulegea na bado ina ukungu kama krimu toa, joto lisipite 35 hivi, malizia na zile vipande zilizobaki ukikoroga. Mimina ikiwa bado ina ukungu, jaza kalibu lipite juu kidogo maana inanywea ikipoa, halafu kata kilichozidi.

Usisahau hesabu ya nafasi. Dawa inachukua nafasi ya siagi. Tuseme kalibu lako linabeba gramu 1, unataka sapozitori 10 zenye dawa gramu 0.3 kila moja, na dawa hiyo gramu 1.5 inachukua nafasi ya gramu 1 ya siagi. Dawa yote ni gramu 3, inachukua nafasi ya gramu 2, kwahiyo siagi ni 10 toa 2, gramu 8. Sio 7 na sio 10. Kiuhalisia piga hesabu ya 12 maana kuna inayobaki kwenye bakuli.

Dawa kama fenoli na klorali haidreti zinashusha joto la kuyeyuka la siagi, hapo unaongeza nta ya nyuki kidogo. Na kwenye mazingira ya joto kali acha ushujaa, tumia shahamu ngumu za kiwandani zilizoongezwa haidrojeni, hazina visa hivi.

HATUA YA 7: Kutunza, na yale ambayo hakuna anayekuambia

Adui wa mafuta ni hewa, mwanga, joto na vyuma kama shaba na chuma chenye kutu. Chupa ya rangi nyeusi au kahawia, ijae mpaka juu (nusu chupa ni nusu hewa), kifuniko kibane, sehemu ya baridi. Chupa mpya usijazie kwenye mabaki ya zamani, kijiko kimoja kilichochacha kinaambukiza yote. Vitamini E au BHT wanaongeza kuchelewesha, kuchacha kukishatokea haziwezi kuyarudisha. Harufu ya rangi ya zamani au karanga zilizokaa, tupa, hata kama tarehe bado.

Parafini ya maji ya kulainisha choo asipewe mtoto mdogo wala mtu anayepaliwa au aliyelala chali, ikiingia mapafuni inaleta nimonia, na ikitumiwa muda mrefu inazuia vitamini A, D, E na K. Petroli jeli na mafuta yoyote yanaozesha kondomu ya mpira, hilo liseme kwa kila unayempa marhamu ya sehemu za siri, hata kama ataona aibu. Anayejipaka jeli nyingi mwilini asikae karibu na moto au sigara, ile nguo na shuka zikishanyonya zinawaka kwa kasi ya kutisha.

Na vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani usivikunje ukavirundika kwenye kona au kwenye ndoo ya taka. Yakikauka yanatoa joto, na rundo linaweza kushika moto lenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke, au vilowanishe maji uvifungie kwenye kopo la chuma lenye kifuniko, ndio uende nyumbani.